Saa Arobaini za Bi Jokha

Jumapili, 18 Januari 1998

Suresh wa nyumba ya pili kaniudhi. Nimekutana naye dukani, kabichi mkononi, na kabla hata salamu haijakwisha akaniambia mkewe Lila amekubaliwa theluthi ya gesi na umeme. Theluthi! Kumbe anayelea watoto wa watu nyumbani kwake, akifikisha saa arobaini kwa wiki, watu wa kodi humhesabia theluthi ya bili hizo kuwa gharama ya kazi, na kodi inapungua. Akipungukiwa na saa, fungu nalo linapungua. Suresh ni mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka, kwa hiyo sikuweza kujifanya sikumfahamu.

Mke wangu Jokha naye analea watoto. Watatu, na leseni ya kaunsili, serikali ya mtaa wetu hapa London, imetundikwa ukumbini kwenye fremu. Iweje Lila apate na Jokha akose?

Nimerudi nikahesabu. Watoto nawaona kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Saa saba. Kwa siku tano, thelathini na tano. Zimepungua tano tu!

Kuanzia leo mimi, Msabaha, ni katibu wa biashara ya mke wangu. Mwenyewe hajaambiwa. Fomu ya kodi mwisho wake tarehe 31, hakuna muda wa kupoteza. Nimelala kidogo kabla ya kuanza.

Jumatatu, 19 Januari

Nimegundua! Watoto ni watatu. Thelathini na tano mara tatu ni mia moja na tano. Lila analea wawili tu. Suresh kwisha habari yake!

Nikampelekea Jokha hesabu jikoni. Alikuwa anakanda unga, mtoto mmoja kamng'ang'ania gauni. Akaniuliza hita huwashwa mara moja au mara tatu. Nikasema mara moja. Akaniuliza, je, yeye akipata watoto watano? Nikapiga hesabu kwa furaha: mia moja sabini na tano. Akasema wiki nzima, usiku na mchana, ina saa mia moja sitini na nane, kwa hiyo nitakuwa nimewapelekea watu wa kodi wiki ambayo Mungu hajaiumba. Akamalizia kwamba akili nyingi huondoa maarifa.

Halafu akanikumbusha kuwa Jumatatu ijayo anakuja mkaguzi wa kaunsili kutazama nyumba na daftari. Leseni ile ndiyo inayolipa pango tangu mimi niachishwe kazi kwenye ghala la mazulia. Ikiondoka, na sisi tunaondoka. Nisiguse kitu. Nimeahidi. Hakutaja kitu gani.

Jumanne, 20 Januari

Futari! Nilikuwa wapi siku zote?

Ramadhani hii jua la London linazama saa kumi na nusu kasoro dakika chache. Wazazi wanakuja kuchukua watoto saa kumi. Wakikaribishwa wafuturu, nani atakataa? Mama anakula, mtoto yumo ndani, saa zinakwenda. Saa moja na nusu kwa siku, mara tano, ni saba na nusu. Jumla arobaini na mbili na nusu. Arobaini nimeipita, na thawabu juu!

Nimeanza na Mumbi, mama wa mtoto mdogo kuliko wote. Mkenya, muuguzi. Akasema yeye Mkristo, hakufunga. Nikamwambia kaimati haziulizi dini. Kaondoka saa kumi na moja na nusu. Kala kaimati kumi na nne.

Jokha aliongeza kaimati sahanini, maana mgeni hafukuzwi. Kisha akanitazama. Sikupenda alivyonitazama.

Alhamisi, 22 Januari

Wazazi wote watatu sasa wanafuturu kwangu. Mmoja jana kaja na shangazi yake, leo shangazi kaja na mumewe. Sambusa hazifiki sahani ya pili. Jiko linawaka tangu adhuhuri, hita imefunguliwa mpaka mwisho kwa ajili ya shangazi anayesikia baridi. Mita ya gesi inazunguka kama feni.

Nimeogopa kidogo, kisha nikajipa moyo. Theluthi ya bili kubwa ni kubwa kuliko theluthi ya bili ndogo. Hesabu kama hii Suresh haiwezi.

Ijumaa, 23 Januari

Kazi ya ukatibu hasa. Daftari la mahudhurio la Jokha limechoka, lina alama za samli. Sikulisoma, linaumiza macho. Nimelificha kwenye kabati la viatu, nikanunua jipya lenye jalada gumu, nikaandika wiki nzima kwa wino na rula. Kuingia: 3. Kutoka: 11½. Kila mtoto, kila siku. Sijaona daftari zuri kama lile maishani mwangu. Nimeliweka juu ya meza ya ukumbini, alitazame mkaguzi.

Jumatatu, 26 Januari

Siku nyeusi.

Mkaguzi kaja saa nane mchana. Mama wa Kiingereza, mpole, miwani imefungwa kamba. Kapiga king'ora cha moshi, katikisa geti la ngazi, kachungulia friji. Kila kitu kikamridhisha. Akaomba daftari. Jokha akafungua droo, halikuwemo. Nikaruka nikampa langu.

Akasoma. Akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza kwa nini watoto wadogo wanaingia hapa saa tisa alasiri na kutoka saa tano na nusu usiku.

Nikamwambia hakuna anayekaa usiku. Akanionyesha 11½. Nikamwambia, kwa Kiingereza, ndiyo, eleven-thirty, in the evening, straight after food. Nikadhani nimeeleza. Jokha akashika kichwa.

Ndipo nikatambua. Sisi siku yetu inaanza asubuhi, jua linapotoka. Wao yao inaanza usiku wa manane, wenyewe wamelala. Tatu yangu wameisoma tatu yao! Nikamwambia hiyo tatu ni tisa, kumi na moja ni tano, na kumi na mbili ni sita. Kila nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuandika. Akasema leseni inaruhusu mpaka saa kumi na mbili jioni basi, na kwamba jambo hili hana budi kulipeleka ofisini, na huenda leseni ikasimamishwa.

Jokha akaanza kupangusa kiti. Kiti kikavu. Akakipangusa tena na tena. Nimeona haya. Naandika hivi hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Saa kumi Mumbi akabisha hodi. Mkaguzi akamwuliza mwanawe huletwa saa ngapi. Akajibu, seven. Nikashtuka. Saa saba mchana? Hapana, ya kwao! Saa moja asubuhi! Jokha akampa Mumbi daftari langu alisome. Mumbi akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akamweleza mkaguzi kwamba hata kwa bibi yake tatu ni tisa. Akavua saa yake ya mkono: mshale mfupi uko kwenye nne, sasa soma namba inayouangalia uso kwa uso. Kumi! Mkaguzi akatazama yake. Akaigeuza juu chini. Akacheka na yeye.

Jokha akaenda moja kwa moja kwenye kabati la viatu, ninakoficha vitu siku zote. Akaleta lile daftari la samli. Tangu Aprili mwaka jana, kila siku ya kazi: 7.00 mpaka 4.00. Saa tisa. Kwa siku tano, arobaini na tano.

Nikauliza inawezekanaje. Jokha akaniuliza mbele ya serikali mimi huamka saa ngapi.

Mkaguzi katia saini. Kaacha maagizo mawili: daftari moja, na mume asiandike ndani yake. Leseni imebaki ukutani. Alhamdulillahi!

Jumanne, 27 Januari

Nimemwomba Jokha radhi. Kanisamehe. Nisiguse daftari, nisialike shangazi wa mtu.

Nikamkumbusha kwa upole kuwa fomu ya kodi imebakiza siku nne. Akasema fomu hiyo ni ya mwaka uliopita, ameipeleka tangu Septemba, na theluthi yake alishakubaliwa. Na Lila je? Lila ndiye aliyekuja kwake kufundishwa kujaza. Suresh alikuwa ananiringia kwa hesabu za mke wangu!

Basi, nimejifunza. Mtu mzima akikosea, akubali.

Lakini nimefikiri. Kati ya tatu yetu na tatu yao kuna saa sita. Hizo ni za nani? Wao hawazidai, sisi hatujazidai. Sita kwa siku tano ni thelathini. Jumlisha na arobaini na tano, Jokha ana sabini na tano! Kesho nawaandikia watu wa kodi. Jokha nitamwambia majibu yakifika.