Gereji ya Mwenyewe

Jumatatu, 8 Septemba
Mchungaji Eliakim kaleta pikapu, breki hazishiki. Akiwa anasubiri akasoma kibao changu: ANDONGWISYE AUTO GEREJI. Akauliza kama najua maana ya "auto". Mimi nililiweka kwa sababu Kefa, mwenye gereji ya ng'ambo ya barabara, hana! Akasema ni Kigiriki, alikisoma chuo cha Biblia: autos, yaani mwenyewe. Alitaka kuendelea. Nikamwambia inatosha.

Mwenyewe! Basi mteja ajitengenezee. Mimi nitakodisha spana na kivuli. Foleni ya malori ya kuvuka mpaka kwenda Zambia haisogei, madereva wanashinda wamelala chini ya tela. Akili hii sijui nimeitoa wapi.

Jumanne, 9 Septemba
Nimemwachisha kazi Amoni, fundi wangu pekee. Kwa heshima zote. Nikamweleza Kigiriki. Akauliza kama naumwa. Jioni mke wangu Gwantwa naye kauliza hivyohivyo.

Jumatano, 10 Septemba
Wateja watano! Dereva mmoja kashusha giaboksi, kaichungulia, akaniuliza inarudije. Nikamwambia auto.

Kefa alivuka barabara kuja kutazama. Wivu huo.

Ijumaa, 12 Septemba
Lori la giaboksi liliziba geti siku nzima ya jana. Jeki mbili hazionekani.

Leo Mchungaji kafunga breki zake mwenyewe, zikabaki nati nne. Nikamsifu. Akawasha, akatoka, akaja kusimama kwenye kibao changu. Maana kibao ndicho kilichomsimamisha. Hajaumia, Mungu ni mwema. Akiwa amekaa chini akamalizia maneno ya Jumatatu: ni gari ndilo linalokwenda lenyewe, bila kuvutwa na ng'ombe. Fundi hahusiki. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akanyanyuka, akajipangusa vumbi.

Giaboksi kairudisha Amoni. Kwa niaba ya Kefa! Kwa Kefa ndiko anakofanya kazi sasa. Ameniona, akanipungia mkono. Imeniuma. Miaka tisa tumekula ugali sahani moja.

Jumapili, 14 Septemba
Baada ya ibada nikamsihi Amoni arudi. Akakubali, ila nimwombe radhi kesho mbele ya Kefa. Nikasema sawa. Nilikuwa tayari, kweli kabisa.

Njiani nikamuuliza Mchungaji kama "tele" ya televisheni nayo ni Kigiriki. Akasita, akasema ndiyo, maana yake mbali.

Mbali! Gari litaharibika Vwawa, mimi nimekaa kwangu Tunduma na simu, namwelekeza mwenye gari. Amoni wa nini tena? Mchungaji alitaka kuendelea. Nikamwambia inatosha.