Nilivyomkalia Marehemu Mume wa Sabina

Wenzangu wa Karungu, leo nimeaibika mbele ya watu kumi na tisa, na majina yao yote ninayo. Nawaandikia upesi kabla habari haijawafikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

Mlinituma Homa Bay kwa jambo moja tu. Watu wanaotibu huzuni kwa maigizo, wa huku na wa Migori mpaka Kehancha, wanaunda chama chao, na sisi tunataka kuingia. Miaka yote hii tunaigiza pale kwetu. Mjane anamwambia mwenzake yale aliyoshindwa kumwambia mumewe, anarudi nyumbani akiwa mwepesi. Hatukujua kazi hiyo ina jina. Kumbe ina jina, tena ina katiba iliyopigwa taipu, na ndani ya katiba kuna mstari unaosema mwanachama sharti awe na cheti.

(Cheti changu ni cha ubatizo. Nilikibeba, pengine kingesaidia.)

Aliyeuandika mstari huo ni Bwana Zablon Onyango wa Migori, aliyesomea mambo ya akili huko Nairobi. Si mtu mbaya. Alinipokea mkoba, akaniita mama, kisha akanieleza polepole kwamba kidonda cha moyo kikiguswa na asiyejua kinaoza. Nikamwambia hata mkono wenye cheti unaweza kuwa mchafu. Mwalimu Rosebella Atieno, ambaye ndiye aliyetuita sote, akasema kura tutapiga jioni, kwanza tuonyeshane kazi. Nikajiambia, Peres, leo ukae kwa adabu, watu waone una akili.

Saa nane nikatoka kwenda choo. Choo cha kanisa tulimokutania kiko chini kabisa karibu na ua, na magoti yangu mnayajua. Niliporudi nikakuta viti vimesukumwa ukutani na watu wote wamesimama duara. Katikati pana kiti kimoja kizuri, cha kuegemea. Hakina mtu.

Sasa fikirini nyinyi wenyewe. Watu wamesimama, wamenyamaza kimya, mama mzee anaingia, kiti kimoja kiko wazi. Nilijua ni changu. Nikapita katikati yao nikisema asanteni wanangu, Mungu awabariki kwa heshima hii. Nikaketi. Nikapanga leso yangu. (Hata viatu nilivua.)

Mbele yangu alikuwa amesimama Sabina Akoth, nesi wa hapa Homa Bay, macho yamejaa machozi, ananitazama tu.

"Umechelewa," akasema.

"Niwie radhi mwanangu, choo kiko mbali."

Akatikisa kichwa. "Siku zote unachelewa."

"Siku zote? Mimi nimefika jana."

Bwana Zablon akaja akinyata, akainama sikioni mwangu. Lakini kunong'ona kwake ni kule kunakosikika hadi barabarani.

"Mama, toka hapo. Umekalia marehemu."

Kumbe nilipokuwa huko uani, Mwalimu Rosebella alikuwa ameeleza kwamba kiti kile ni cha mume wa Sabina, aliyefariki mwaka jana. Sabina aongee naye kana kwamba ameketi pale. Na nyinyi mnajua desturi yetu. Kiti cha mwenye nyumba aliyefariki hakikaliwi hovyo. Anayekikalia ni mwanaume aliyekuja kumrithi mjane.

Niliinuka haraka kuliko umri wangu. Kisha Dorka Awuor, mwanachama mwingine ambaye ulimi wake hauna breki, akasema, "Basi pole, Sabina. Umerithiwa na nyanya."

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu walishika ukuta. Mimi natafuta viatu, sivioni. Niliwawaza nyinyi mlionituma, na nikawaza kile kidonda alichosema Zablon. Nimekigusa, tena kwa makalio.

Lakini Sabina naye alikuwa anacheka, kicheko na kilio pamoja. Akanishika mkono.

"Kaa, mama. Bado sijamaliza naye."

Nikakaa. Akaongea muda mrefu. (Ameniruhusu kuandika mpaka hapa. Mengine ni amana, na amana haihitaji cheti.) Mimi sikujibu hata neno moja. Mnaonijua hamtaamini.

Jioni Zablon akasimama wa kwanza. Nikajua leo ananimaliza. Akasema mtu aliyefundishwa asingekikalia kile kiti. Kweli tupu, nikaitikia kwa kichwa. Kisha akasema wao wenye vyeti walisimama pale robo saa nzima na Sabina hakufungua kinywa. Akatoa kalamu, akaukata mstari wake mwenyewe, akaandika kwamba asiye na cheti ataingia, mradi akubali kufundishwa. Nikauliza, na mwenye cheti je, yeye atafundishwa na nani? Mwalimu Rosebella akaniomba niseme tena polepole ili aliandike na hilo.

Kura ikapigwa, tukakubaliwa. Mafunzo ni Migori mwezi ujao, njooni wote, na tafadhali msinicheke njiani. Ila mkifika mkakuta watu wazima wamesimama na kiti kizuri kiko kitupu, msidhani ni heshima.