Bwawa Bila Magarama

Inatangazwa kwa wananchi wote kwamba mwaka ule wa vita na wa vikwazo vya nchi jirani, mafuta yalipouzwa kwa chupa na mabasi yakienda kwa msafara wa askari, mkoa wa Gitega ulizindua utalii wa kifahari. Mimi, Mama Raissa, mwenye diploma ya ukatibu, nilikuwa katibu wa Kamati ya Kuratibu Mandhari ya Anasa, na nathibitisha kwamba kila kitu kilifuata utaratibu.

Watalii walikuwa hawajafika. Kamati ililijadili hilo ikaona ni faida, kwani vyumba vyote vilikuwa wazi. Hoteli ilikuwa pembeni mwa mtaa wetu wa Magarama na, kwa bahati njema, ilikuwa mali ya Mwenyekiti wetu, mzee Uthmani. Ilikuwa na bwawa la kuogelea. Ili bwawa lisipungue, bomba la mtaa lilifungwa kwa muda usiojulikana, na wananchi wakaelekezwa kwenye chemchemi ya bondeni, njia ambayo asubuhi haikosi milio ya risasi. Raissa wangu, mtoto mdogo, alikuwa akiteremka huko na bidoni, dumu lake la maji. Nililifikisha suala hilo kwenye Kamati. Lilipokelewa, likakaa.

Basi wafadhili walioko Bujumbura wakatuma neno: tuleteeni picha, tuone cha kusaidia. Mpiga picha wa Gitega hakuwa na filamu. Tukamwita mwenzake, Jaffer wa Muyinga, ambaye duka la baba yake halikupungukiwa na kitu, maana Tanzania iko karibu na vikwazo havijui njia za baiskeli. Alifika na msafara, vumbi hadi kwenye nyusi, na filamu moja.

Alilizunguka bwawa lote, jicho kwenye kamera. Kisha akamweleza Mwenyekiti kwamba kila anapoielekeza, nyuma ya viti vya kulalia yanatokea mabati yenye kutu ya Magarama, na akina mama wanaopanda kutoka bondeni na bidoni kichwani.

"Geuka upande mwingine," akasema Mwenyekiti.

"Nimegeuka, mzee. Huko nako ni Magarama. Na kusema kweli, hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote."

Kamati ikakutana palepale. Ikapitisha kwamba picha moja hairuhusiwi kubeba hali mbili za maisha. Ikajadili kuuhamisha mtaa kwa alasiri moja, lakini malori hayakuwa na mafuta. Ukuta ukashindikana kwa kukosa saruji. Ndipo Mwenyekiti akapata wazo la kiuongozi: kama akina mama wa Magarama hawaondoki nyuma ya picha, waletwe mbele, wavae vizuri, wawe watalii.

Nikatumwa kuwaita. Jirani yangu Mwajuma, fundi cherehani, aliuliza watalii hufanya nini. Nikamwambia hukaa kando ya maji. Akauliza wakishakaa hufanya nini. Nikasema hupumzika. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyeanza homa. Mwishowe akauliza kama ni kweli maji ya bomba letu ndiyo yaliyomo mle. Nikajibu kwamba Kamati haijakanusha.

Wakaja wote, na vitenge vya Idi na mitandio ya harusi. Mwenyekiti akaridhika. Aliwapa agizo moja tu: wasijilazimishe, wafanye kama wanavyofanya siku zote wakifika kwenye maji. Kisha akaenda Makebuko kutafuta mbuzi wa mishikaki, kwa sababu utalii bila moshi wa nyama hauaminiki. Aliniachia madaraka, na kizuizi cha askari kikamshikilia huko hadi jioni.

Sasa, mwanamke wa Magarama hafiki kwenye maji mikono mitupu. Akifanya hivyo ataulizwa kama ameachika. Kila mmoja alipitia kwake, akarudi na bidoni, beseni, na nguo chafu za nyumba nzima.

"Mama Raissa," akasema Mwajuma, mikono imeshakunjwa, "mi nikifika kwa maji nafua. Hizi shuka tufulie hapa ama kule?"

Nilitafakari kama katibu. Hakuna azimio lililokataza mashuka.

"Kule pembeni," nikasema. "Hapa bwawani watu wachote kwanza."

Wakachota, wakafua. Mashuka yakaanikwa kwenye viti vya kulalia, ambavyo havijawahi kupata kazi bora. Watoto wakasuguliwa kwenye ngazi za bwawa. Raissa alijaza bidoni yake bila kuteremka popote. Jaffer alipiga hadi filamu ikaisha, akasema sasa azimio limetimia, picha ina hali moja tu ya maisha.

Mwenyekiti aliporudi na mbuzi, aliuliza kwa nini maji yamepungua hadi magotini. Nikamwarifu kwamba jua lilikuwa kali. Picha zilisafishwa Muyinga, na kwa amri yake mwenyewe kwamba zisicheleweshwe, zikapelekwa moja kwa moja Bujumbura. Hakuziona.

Wafadhili waliziona. Gari jeupe likaja, akashuka mama mmoja mwenye kofia. Alisema hajapata kuona kiongozi aliyewajengea wananchi mahali pa kufulia pazuri namna ile, pana vigae, katikati ya vita, na kwa mali yake. Akamshika Mwenyekiti mikono yote miwili, akamwuliza kama kweli hapa ni pa mtaa. Mtu wa redio akasogeza kinasa sauti. Nyuma yangu akina mama walisogea, bidoni tupu mikononi.

Mwenyekiti alinitazama. Mimi nilikuwa nakagua kalamu yangu.

"Ni pa mtaa," akasema.

Vigelegele vilisikika hadi sokoni. Bomba la mtaa likafunguliwa siku hiyohiyo, na yule mama akamteua mzee Uthmani kuwa Msimamizi wa Kudumu wa Maji, akaahidi kurudi bila taarifa ili amwone kazini. Mwenyekiti hakukataa, kwa kuwa ni cheo. Tangu hapo, kila alfajiri baada ya sala, alilifungua lango la bwawa yeye mwenyewe, mtaa uchote na kufua, naye amevaa suti.

Asubuhi moja alichelewa. Mwajuma alimngoja langoni, bidoni mbele yake, foleni nzima nyuma yake.

"Mzee Uthmani, we usingizi iko inakushinda? Watoto iko wanaenda masomo. Kesho uwahi."

"Ndiyo, mama," akasema Mwenyekiti, akaanza kupapasa mifuko ya suti akitafuta funguo, mtaa mzima ukimngoja.