Nguo za Ghorofani

Kifuniko cha birika kiligongagonga, tk, tk, tk, na nje kulikuwa bado giza. Shangazi alikisogeza kidogo ili kahawa isimwagike, kisha akalitazama tena gauni lake la sherehe, lililoning'inia nyuma ya mlango. Lilikuwa halifungi. Zipu ilikuwa imegoma katikati ya mgongo, ikaacha nafasi ya kupitisha mkono. Kesho yake bintiye wa mwisho angeapishwa kuwa muuguzi. Usiku alikuwa amempigia simu: "Goti linanisumbua, mwanangu. Sidhani kama nitafika." Goti lenyewe halikuwa na habari.

Kulipokucha alikuwa kijiweni na birika lake la kahawa ya kuuza, mbele ya kibanda cha kinyozi, na wateja wake watatu wa kila siku walishakaa kwenye benchi. Kinyozi mwenyewe, aliyeitwa Wembe kwa ajili ya ulimi wake. Sindano, fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Na Breki, dereva wa lori mstaafu, ambaye tumbo lake hufika mahali kabla yake.

Wembe alikunjua gazeti. "Sikilizeni vituko hivi! Wenye maduka wanabishana. Eti nguo za wanene zitengewe sehemu yake, au zichanganywe na za watu?"

"Na za watu?" Breki akaweka kikombe chini. "Kwani sisi ni magunia?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Hebu lete." Breki alisoma akifuata mstari kwa kidole. "Hapa wamesema 'na nyingine'. Hao watu umewatoa mfukoni mwako."

"Haya, nimekosa. Lakini zitengwe! Juzi nimevuta shati dukani, nikavuta, nikavuta, halifiki mwisho. Nikadhani nang'oa pazia."

Shangazi aliwamiminia kahawa.

"Mimi nakubali zitengwe," Breki akasema, "ila si kwa hiyo sababu yako. Nimechoka kupekua mashati mia ya watu vijiti nikitafuta moja la kwangu. Nionyeshwe kona yangu, nichague, niende zangu."

"Na viatu je?" Sindano akauliza polepole. "Umeona wapi namba arobaini na tano imewekwa uani? Vyote rafu moja, kila mtu anachukua namba yake."

"Acha hizo, fundi! Mguu umepewa na Mungu. Unene umepewa na kijiko." Wembe akasimama, akajipiga kiunoni. "Nitazameni mimi. Inchi thelathini na mbili tangu nimalize shule. Na suruali ni hii hii! Nidhamu, jamani. Nidhamu!"

Sindano akakohoa.

"Geuza kiuno cha suruali nyuma, kwa ndani," alisema.

"Ili iweje?"

"Geuza tu."

Wembe akageuza. Pale palipotakiwa kuwa na mshono mmoja palikuwa na vipande vinne vyembamba vya kitambaa vilivyoongezwa, vimeshonwa vizuri mno.

"Kila ukiniletea nikushonee kifungo, nakuongezea inchi moja," Sindano akasema. "Umeniletea mara nne. Wewe ni thelathini na sita, ndugu yangu."

Breki alicheka mpaka kahawa ikampalia. "Kumbe nidhamu inashonwa!"

Wembe aliketi taratibu. "Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuivaa. Nayo inakupendeza."

Shangazi alimtazama yule fundi. Miaka yote hiyo mtu anamwongezea mwenzake inchi, halafu ananyamaza. Akaweka birika chini.

"Jana niliingia duka lile la nguo, ng'ambo ya barabara," alisema. "Sijafika hata katikati, binti anayeuza akapaza sauti: 'Mama, za kwenu ziko ghorofani!' Watu wote wakageuka. Nikasema nilikuwa napita tu. Kesho mwanangu anaapishwa, na mimi nimemdanganya kuwa goti linauma, kwa sababu sina cha kuvaa."

Wa kwanza kuinuka alikuwa Wembe.

"Twendeni."

"Wapi?"

"Ghorofani. Si mmesikia? Na mimi ni wa huko."

Ngazi za duka zilikuwa nyembamba. Breki alipanda kiubavu, akihema na kumlaani fundi aliyezijenga. Juu palikuwa na maboksi matupu, masanamu yasiyo na vichwa, na magauni mazuri kabisa yaliyoshika vumbi mabegani.

"Kioo kiko wapi?" Breki aliuliza kwa sauti ya honi.

Binti wa dukani akapanda mbio. Akatazama ukuta mmoja, akatazama wa pili. "Kiko chini tu."

"Kwa hiyo sisi wa huku juu hatujitazami?"

Wembe alishuka, akavuka hadi kibandani kwake, akarudi na kile kioo anachowaonyeshea wateja kisogo. Shangazi alipotoka nyuma ya maboksi na gauni la kijani, zipu imepanda hadi juu bila ugomvi, kinyozi alimzunguka nacho: bega, kiuno, pindo. Alijiona kipande kwa kipande, na kila kipande kilikuwa kizuri.

"Shangazi, hilo hata mimi nimekosa la kusema," Wembe akakiri.

Sindano alipiga goti, akabana pindo. "Vidole viwili tu. Jioni litakuwa tayari."

Shangazi akachukua simu. "Mwanangu, nakuja kesho. Eeh, goti limepona... Sasa hivi, humu dukani."

Walipokuwa wakitoka, binti alikuwa akishuka ngazi na magauni yamemjaa mikononi, anayatundika katikati ya mengine, moja baada ya jingine. Aliacha kazi, akawafuata hadi mlangoni.

"Shangazi, nisamehe kwa ya jana. Tafadhali mje tena." Akatazama nyuma kama tajiri wake yupo, akashusha sauti. "Na mje na huyo fundi. Hii sare inanibana mwezi wa tatu sasa, sijapata wa kumwambia."