Ulizia Ndani

Jumatatu, tarehe 3

Nimemaliza shule na tayari nimechoka. Sijui nimechoshwa na nini, maana sijafanya kitu. Mama anasema hicho ndicho kinachochosha.

Leo kuna kibao kipya kwenye dirisha la Fundi Saa. "Natafuta msaidizi. Ulizia ndani." Nimesimama nje nikikisoma mpaka mwenye duka la jirani akaniuliza kama nimepotea. Sentensi ya kwanza haina shida. Ni ile ya pili. Ulizia! Ndani!

Fundi Saa anatengeneza saa, redio na vitu vidogo vidogo vya kuchezea. Dirishani mwake kuna treni ya mizigo inayozunguka kutwa nzima: kichwa kimoja na mabehewa sita ya plastiki yanayong'aa kama peremende. Ni seti ile ile aliyoniletea mjomba nilipokuwa darasa la nne. Tofauti ni kwamba yangu haing'ai tena. Ngazi zake za plastiki, zile zilizogandana na ubavu, nilizikwangua kwa wembe nikatengeneza nyingine kwa pini za stepla. Mabomba ya breki ni nyaya za hedifoni zilizokufa. Kutu yake ni kutu kweli. Niliitoa kwenye geti letu kwa msasa, nikaichanganya na gundi. Miaka mitatu ya kazi! Hakuna aliyeyaona mabehewa hayo isipokuwa Mama, ambaye aliniuliza kwa nini nimeyachafua.

Nisipopata kazi ndani ya wiki mbili, naanza saluni kwa Mama mdogo. Ameshanitengea taulo. Kazi ya saluni nywele ni kidogo, iliyobaki yote ni mdomo. Lazima umuulize mteja habari za mume wake. Mimi hata habari za Mama naziuliza kwa shida.

Mpango: siulizi. Behewa litaniulizia.

Jumanne, tarehe 4

Nimeingia! Nilijiandaa kusema, "Shikamoo, nahitaji betri ya saa, ndogo kuliko zote." Nikasema, "Betri." Ikatosha. Fundi, lenzi jichoni, akaenda kuitafuta chumba cha nyuma.

Dirisha lina kilango upande wa ndani, karibu na benchi la wateja. Nikasimamisha treni kwa kidole. Nikachomoa behewa lake la tatu, nikapachika langu. Moyo ulidunda mpaka nikaogopa utatikisa reli. Treni ikaondoka.

Fundi akarudi, akaniuliza saa yenyewe iko wapi aiwekee betri. Nikaonyesha upande wa nyumbani kwa kidevu.

Nilisimama nje kumsubiri ashtuke. Hakushtuka. Treni ikazunguka, ikazunguka. Mimi mwenyewe nilihangaika kulitafuta behewa langu.

Alhamisi, tarehe 6

Nimegundua tatizo. Behewa la plastiki linapiga kelele litazamwe. Langu linapita tu, kama behewa. Nani anageuka kutazama behewa? Nimeliacha lifanane na mimi.

Halafu kuna Redio. Redio ni mtoto wa Mama mdogo, tuko rika moja, na jina hilo hakuonewa. Akiamka amewashwa, mpaka alale. Leo alinikuta dirishani akasimama nami. Aliisifu treni kwa sauti ya kusikika barabara nzima, akasema kwamba behewa zuri kuliko yote ni lile jekundu. Jekundu ni la Fundi! Nilimjibu vikali sana, moyoni.

Suluhisho: nibadilishe yote. Moja halionekani, sita yataonekana. Leo nimefanya mawili, safari mbili, betri mbili. Mama amezikuta betri mezani, akauliza ni saa gani hiyo inayokula namna hii. Nikasema ni ya rafiki yangu. Mama akasema amefurahi sana kusikia nina rafiki.

Jumamosi, tarehe 8

Yote sita! Na Fundi ameyaona!

Nilikuwa benchini na betri yangu mkononi. Fundi alipita mbele ya dirisha akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamwita mama mmoja aliyeleta saa ya kengele, akamwambia aje ashuhudie: jua upande huu, unyevu upande ule, dirisha hili litamfilisi, mabehewa yote yameshika kutu. Yule mama akasema plastiki haishiki kutu. Fundi akasema ndiyo hapo sasa, dunia imeharibika. Jumatatu akifungua duka atayaosha kwa thina mpaka rangi ile chafu itoke.

Thina! Miaka mitatu ya kazi kwenye beseni la thina! Nikasimama. Nikafungua mdomo nimzuie. Likatoka neno moja: "Betri."

Fundi akasema, "Nimeshakupa, mwanangu. Hiyo hapo umeishika."

Jumapili, tarehe 9

Duka limefungwa. Hali ilivyo: mabehewa yangu yako kwake yanasubiri kuoshwa. Yake yako kwangu, chini ya kitanda, kwenye kopo la biskuti. Mtu wa reli akitazama ataona nimemboreshea treni. Polisi akitazama ataona mwizi. Na polisi ni wengi kuliko watu wa reli.

Ningeweza kwenda kumweleza. Nililifikiria wazo hilo kidogo, likanichosha, nikajilaza.

Mpango mpya: nirudishe yake, nichukue yangu, kabla ya thina. Lakini betri haimweki Fundi chumba cha nyuma muda wa kutosha kwa mabehewa sita. Unahitajika ugonjwa mkubwa wa saa. Saa ya ukutani ya sebuleni Mama alipewa siku ya harusi na haijawahi kusimama. Leo imesimama. Nimeitoa skrubu moja tu.

Mama aliitazama akaiambia kwa sauti ya chini, "Hata na wewe?" Nikajisikia vibaya. Nikajitolea kuipeleka kwa fundi. Mama akasema siku hizi nimekuwa msichana wa kutegemewa. Nikajisikia vibaya zaidi.

Jumatatu, tarehe 10

Nilikuwa mlangoni kabla hajafungua, saa ya harusi kifuani, mabehewa yake mfukoni. Fundi akashangaa jinsi ninavyopenda saa. Hata hivyo alianza kwa kuzungukazunguka dukani muda mrefu, akifagia na kupanga vifaa, nami benchini nikitoka jasho. Kisha akabeba beseni na chupa ya thina kwenda dirishani, akajiinamia pale kwa muda mpaka nikafumba macho. Nilipofumbua, beseni lilikuwa kavu, treni inazunguka, na yeye ameondoka na saa ya Mama kwenda nyuma.

Nikafanya kazi kama mashine. Sita nje, sita ndani. Ndoana ya behewa la nne ikanasa kwenye sweta, nikaivuta, ikaachia. Yangu yote mfukoni. Nimemaliza!

Fundi akarudi akasema saa ni nzima kabisa, imekosa skrubu moja tu, na cha ajabu ni kwamba skrubu ya aina hiyo haidondoki yenyewe. Skrubu ilikuwa kwenye mfuko wa sketi yangu. Ameweka nyingine.

Ndipo akatazama dirisha. Akavuta kigoda akakaa, akaanza kunieleza mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Kwamba asubuhi hii alikuwa aanze kuosha, akaligeuza behewa la kwanza chali. Huko chini akakuta mabomba. Akakuta fito za breki. Akakuta cheni.

"Cheni ya breki, mwanangu! Chini kabisa! Nani anatazama chini ya behewa?"

Akasema ile haikuwa kutu, ilikuwa kazi ya mikono ya mtu. Kwamba alirudisha thina kabatini, akaapa mtu huyo ndiye msaidizi anayemtafuta, awe nani, atoke wapi. Na sasa amekuja kuyachukua, wala hakusema hata neno.

Akaniuliza kama nimemwona mtu yeyote. Mfuko wangu ukagonga benchi, ukatoa mlio wa plastiki. Nikatikisa kichwa. Alinitazama kwa muda, hasa kwenye sweta. Kisha akanipa betri bila mimi kuomba, na hela akakataa.

Nimefika nyumbani nikakuta cheni ya breki ya behewa la nne inaning'inia kwenye sweta, kifuani, kama medali. Bahati yangu hakuiona.

Jumatano, tarehe 12

Siku niliyoiogopa. Redio amesikia kwamba Fundi anamtafuta mtu wa mabehewa. Akaingia. Akauliza. Ndani! Akasema mtu huyo ni yeye. Niliyaona yote kupitia kioo: mikono juu, mikono chini, mikono ikionyesha treni, ikionyesha mbingu. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, akampa lile jekundu, wembe, waya na supaglu. Atengeneze ngazi moja tu.

Sikula mchana.

Jioni Redio akaja kwetu, mkono mmoja mfukoni. Akasema, "Dada, naomba usimwambie Mama." Akatoa mkono. Behewa jekundu limeganda kwenye kidole gumba, na ngazi imepinda kama imelewa.

Nikachukua asetoni ya kufutia rangi za kucha. Tone kwa tone, kwa ncha ya kijiti, maana asetoni inakula plastiki. Redio alilalamika kwamba nahurumia behewa kuliko kidole. Ni kweli. Vyote vikatoka salama. Ile ngazi sikuweza kuivumilia, nikaikwangua nikaweka nyingine.

Nikamuuliza Redio alichoambiwa na Fundi alipoganda. Alisema hivi: "Kijana, aliyefanya kazi ile hawezi kuwa na maneno mengi kama wewe. Muda angeutoa wapi?" Kwa hiyo Redio hayumo tena. Baadaye amerudisha behewa na kuja kuniambia kwamba Fundi aliitazama ngazi, akacheka peke yake. Sijui alicheka nini. Ngazi ile haina kasoro.

Jumamosi, tarehe 15

Siku ya mwisho kabla ya saluni. Nikatumia silaha yangu kubwa.

Mabehewa ya kweli yana maandishi ubavuni: namba, uzito, mzigo. Nikachagua behewa langu bora, nikaandika kwa brashi ya nywele chache: NAOMBA KAZI. Nilianza juzi. Herufi zilitoka nyeupe, zimenyooka, mtu anazisoma akiwa mlangoni.

Tatizo ni kwamba zilikuwa mpya mno. Herufi mpya kwenye behewa kuukuu ni aibu, mtu wa reli angecheka. Nikaweka vumbi kidogo. Vumbi likahitaji michirizi ya kutu kutoka kwenye misumari. Michirizi ikahitaji masizi. Kufikia mchana maandishi yalionekana ya miaka arobaini. Sijawahi kufanya kitu kizuri namna ile! Nikamwonyesha Mama, nikamuuliza pameandikwa nini. Akasogea, akasema, "Tani kumi?"

Kufuta sikuweza. Ungefuta wewe? Nikalipeleka hivyo hivyo.

Fundi aliniona tu akaenda kutafuta betri kabla sijasema neno. Alikawia mno huko nyuma, tena akiimba kwa sauti, kwa hiyo nilijua muda wote kwamba yuko mbali. Kilango cha dirisha nacho kilikuwa wazi, nikalipachika. Mambo mengine huwa yanajipanga yenyewe.

Nimesimama nje mpaka amefunga. Alilitazama lile behewa mara nyingi, amekunja uso, amesogeza lenzi. Hakuweza kusoma.

Jumatatu, tarehe 17

Saluni. Miguu inauma, masikio yanauma. Nimepewa kufagia, kwa kuwa kufagia hakuna habari za mume. Mteja mmoja aliuliza kama mimi ni bubu. Mama mdogo akasema hapana, nimesoma tu. Redio alishinda pale bila kuitwa, wateja wote wakamtaka yeye awashikie kioo.

Nywele fupi zilizokatwa zingefaa kusokotwa kamba za turubai la behewa. Nimebeba kiganja kimoja.

Wakati wa kurudi nimepita dirishani. Behewa langu bado linazunguka na wenzake wa plastiki, na lile jekundu lina ngazi yangu. Kibao bado kipo. Ila Fundi ameongeza mstari kwa kalamu. Sasa kinasema: "Natafuta msaidizi. Ulizia ndani. Hata kwa kunong'ona."

Nimekisoma tena na tena, mpaka nikakielewa. Kumbe kuna mtu mwingine! Kuna mtu mwenye aibu anayeitaka kazi hii, na Fundi ameshampenda, mpaka anamrahisishia njia. Huu si upendeleo? Mimi nimehangaika wiki mbili, mwenzangu anaandikiwa kibao!

Fundi alitoka akanikuta pale. Akafungua mlango wote, akausukumia tofali usijifunge, akasimama pembeni akitazama juu kana kwamba anahesabu mawingu. Bila shaka anamsubiri huyo mtu. Nikaondoka haraka nisije nikamharibia.

Lakini sikati tamaa. Nitamtangulia huyo mwenye aibu kabla hajapata ujasiri. Mpango: behewa la saba, lenye turubai na kamba za nywele, na ujumbe wangu nitauandika chini, karibu na cheni. Fundi mwenyewe ndiye anayetazama chini.

Kesho nikitoka saluni napitia kwake. Nitahitaji betri.