Siku Mukhwana Alipolivuka Geti la Kuponi

Jongeeni, nyote mliowahi kusimama mbele ya kizuizi cha barabara mkiwa na pesa mfukoni na pesa hizo zisiwafae kitu. Zimeni redio, acheni chai ipoe, aliyeketi nyuma na asogezwe mbele, kwa maana leo zasimuliwa habari za Mukhwana wa Bumala, bwana wa pikapu ya bluu, mchukuzi wa vitunguu na magodoro, ambaye hakuna kona iliyomtisha wala shimo la lami lililomrudisha nyumbani. Yasimuliwa jinsi alivyolivuka Geti la Adungosi, kati ya Busia na Malaba, geti lililoikataa shilingi. Wapo watakaosema jambo lenyewe lilikuwa dogo. Watu hao hawakuwepo, basi tuwaache na udogo wao.

Ilikuwa katika miaka ile ya tisini, baraza la wilaya lilipochoshwa na ajabu moja: shilingi zilizolipwa getini asubuhi zilikuwa nyingi, zilizofika ofisini jioni zilikuwa chache, na hapana aliyejua ziliteremkia wapi njiani. Ikatoka amri kwamba tangu siku hiyo mkono wa mtu usipokee tena pesa ya gari getini, bali kila gari lionyeshe kuponi iliyonunuliwa mapema. Kuponi iliuzwa dirishani Malaba, ng'ambo ya geti. Dirisha la pili lilijengwa Busia, likapakwa rangi ya kijani, likafungwa utepe, nalo likakaa na utepe wake likimngoja mheshimiwa wa kuukata. Tena, ili mwenye lori asijinunulie kuponi ya pikapu, karani wa Malaba aliapa hatamuuzia mtu mpaka alione gari kwa macho yake. Hivyo aliyetoka Malaba alinunua kuponi ya kwenda na kurudi akapita kwa raha zake, na aliyetoka Busia alihitaji kuponi ili avuke geti, na alihitaji kuvuka geti ili apate kuponi. Amri hiyo ilipitishwa kwa makofi.

Watu wa Busia hawakulalamika sana. Walilizunguka geti kwa njia za mashambani na maisha yakaendelea. Lakini usiku wa kuamkia siku ninayoisimulia, mvua ilinyesha ikazigeuza njia zile kuwa uji, na ikabaki barabara moja tu, yenye geti katikati.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kimebebwa na ile pikapu ya bluu. Nyuma, juu ya barafu na chini ya majani ya ndizi, walilala mbuta, samaki wakubwa wa ziwani, kutoka Osieko, walionunuliwa alfajiri. Mbele aliketi Mukhwana mwenyewe, amevaa koti la harusi yake. Siku hiyo Winny, binti wa dada yake Caren, alikuwa anaposwa kwao Malaba, na wakwe walitarajiwa saa sita. Kwa watu wao mazungumzo kama hayo hayaanzi mjomba asipokuwepo, na mjomba alikuwa yeye, tena na kitoweo alikuwa nacho yeye.

Haingekuwa neno, lau Mukhwana angekuwa mtu wa kufika kwa wakati. Lakini shujaa huyu, aliyezishinda barabara zote, hakuwahi kuishinda saa hata mara moja. Katika harusi ya Caren alifika watu wanaosha sahani. Katika matanga ya baba yao alifika kaburi limekwisha kufukiwa, akasimama kando akishika kofia, na tangu siku hiyo aibu ile haijamtoka. Jana yake Caren alimtumia ujumbe kwa kondakta, na ujumbe ulikuwa mfupi: "Ukichelewa kwa Winny, usikuje tena kwangu." Alijua dada yake hatanii, na ndiyo maana aliondoka Bumala kungali na giza.

Akafika getini jua limepanda kidogo. Geti lenyewe lilikuwa mti mrefu uliopakwa nyeupe na nyekundu, wenye jiwe limefungwa upande mmoja, na chini yake alisimama Okedi, mlinzi wa mti, mshika kamba, ambaye hakuwahi kuonekana akiketi. Mukhwana akateremsha kioo, akanyoosha noti.

Okedi akaitazama noti ile asiiguse. "Kuponi, boss."

"Sina kuponi. Niko na pesa."

"Basi hauna kitu."

Mukhwana akashuka, akafunga mlango kwa heshima, akasimama katikati ya lami ili hata madereva wa malori waliokuwa nyuma wamsikie. Naye akatoa hotuba.

"Mzee Okedi, mimi sikatai sheria. Lakini angalia hii noti. Bumala ni pesa. Busia ni pesa. Hata huko Uganda wanaishika bila kuuliza imetoka wapi. Mimi nimeitolea jasho, nimebeba magodoro ya watu mpaka Port Victoria. Sasa nifike hapa kwa mti wako, uniambie imekuwa karatasi ya kufungia mandazi? Nani ameiua hapa katikati?"

Madereva wakaguna kumuunga mkono. Okedi naye hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno. Aliikabidhi kamba mkono wa kushoto, akauinua ule wa kulia uonekane na wote.

"Boss, unaona hii mkono? Mwaka mzima ilikuwa inashika pesa ya watu. Jioni ikipungua, ni Okedi. Ikizidi, bado ni Okedi, ati nimeficha wapi ile ingine. Nimeitwa mwizi mbele ya watoto yangu. Tangu kuponi ikuje, hakuna mtu ananiita jina. Nafika nyumbani, nakula, nalala. Wewe unataka unirudishie hiyo pesa kwa mkono ndio upike samaki. Mimi siwezi, hata ukilia."

Mukhwana akaikunja noti yake. Alikuwa amejiandaa kupigana na mtu mkaidi, na hakujiandaa kabisa kupigana na mtu mwenye haki. Akalitazama jua, akainua jani moja la ndizi, akaona barafu imeanza kupungua.

Nyuma ya pikapu lilikuwa limesimama gari jeupe la kukodi lililojaa wazee wenye tai, na mmoja wao, mrefu, mwenye kofia nzuri ya rangi ya kahawa, akatoa kichwa dirishani. "Mzee, kama umeshindwa, weka gari kando. Watu wako na shughuli za maana."

"Wewe uko na kuponi?" akauliza Mukhwana.

Mwenye kofia akarudisha kichwa ndani.

Hapo ndipo majira yalipogeuka. Kutoka shambani kando ya barabara akatokea Mama Alupo, mkulima wa Adungosi, akiongoza mkokoteni uliobeba plau, ukivutwa na mafahali wawili wekundu, Chifu na Diwani. Akasimama mbele ya mti, akatoa sarafu katika pindo la leso, Okedi akaipokea kwa mkono uleule, akaitumbukiza katika mkebe, akamwandikia risiti, akauinua mti.

"Ngoja kwanza," Mukhwana akasema. "Hiyo si pesa?"

"Ni ya mkokoteni," akajibu Okedi. "Mkokoteni haina kuponi. Hiyo najaza kitabu yake, hata haifiki ya kuniletea maneno. Soma mwenyewe kwa ubao."

Mukhwana akauendea ubao wa baraza kwa hatua za mtu anayeiendea hatima yake, akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi: "Mkokoteni ni chombo chochote chenye magurudumu kinachovutwa na mnyama. Utalipiwa pesa taslimu getini." Akasoma mara ya pili. Kisha akageuka akawatazama Chifu na Diwani, nao wakamtazama wakitafuna.

"Mama," akasema kwa adabu zote alizofundishwa utotoni, "nisaidie na ng'ombe yako, wanivute mpaka ng'ambo ya huo mti tu. Pesa yoyote unasema, nitalipa."

Mama Alupo akaizunguka pikapu, akainua jani la ndizi. "Pesa nitapeleka wapi saa hii? Nataka kichwa ya huyu mkubwa."

Mbuta yule mkubwa alikuwa ndiye fahari ya karamu, na kichwa chake ndicho ambacho kingewekwa mbele ya mkwe mkuu. Mukhwana akafumba macho, akamfikiria Caren, akakata.

Kutoka ndani ya gari jeupe ikasikika sauti ya mwenye kofia: "Mtu mzima kuvutwa na ng'ombe kwa lami. Heri nilale hapa." Wakubwa wa vita hawajibizani na walio ndani ya gari.

Mafahali wakafunguliwa mkokotenini na nira yao, mnyororo wa plau ukafungwa mbele ya pikapu, injini ikazimwa. Okedi akauzunguka msafara ule mara mbili akitafuta kosa. Akayatazama magurudumu, akawatazama wanyama, akausoma ubao, akayatazama magurudumu tena. Hatimaye akasema, taratibu, kama mtu anayeapa kortini, "Ni mkokoteni." Akapokea sarafu, akaandika risiti, na akauinua mti.

Mama Alupo akaita kwa Kiteso. Chifu akainamisha shingo, Diwani akamfuata, mnyororo ukakaza, na pikapu ya bluu ikaanza kutembea. Walivuta vizuri mpaka pua ya gari ilipoingia chini ya mti. Hapo barabara ilikuwa na mteremko kidogo, gari likateleza lenyewe, mnyororo ukalegea, nao mafahali, waliolima tangu ujana wao, wakajua neno moja tu: mzigo ukilegea, plau imeinuliwa, mwisho wa shamba umefika, ni wakati wa kugeuka. Wakageuka wote wawili pamoja, kwa heshima, kuelekea Busia.

Pembe za Diwani zikapita karibu na kioo cha dereva. Okedi akaning'inia katika kamba akilia mti unamshinda. Madereva wakapiga honi, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote. Mukhwana aliwaona mafahali wakimjia usoni, akaiona sherehe ya Winny ikienda zake bila yeye, na akaona tena kaburi lililofukiwa.

"Kanyaga breki," akasema Mama Alupo akiwashika mafahali na kuwarudisha mstarini. Hakuinua sauti. "Kidogo tu. Wasikie udongo."

Amri gani hii, kumwambia mtu anayetaka kwenda mbele akanyage breki? Lakini Mukhwana alitii. Akakanyaga kidogo, gari likawa zito, mnyororo ukakaza, na Chifu na Diwani wakausikia udongo. Wakainamisha shingo, wakalima lami ya serikali mstari mmoja ulionyooka, chini ya mti mweupe na mwekundu, wakatokea ng'ambo. Mti ukashuka nyuma ya pikapu kwa kishindo. Malori yakapiga honi tena, na safari hii zilikuwa honi za heshima.

Mukhwana akashuka, akampa Mama Alupo kichwa cha mbuta kwa mikono miwili. Kisha akauendea mti, akampa Okedi mkono juu yake.

"Nimelipa pesa," akasema.

"Umelipa ya mkokoteni," akasema Okedi, naye akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mkono yangu iko safi."

Yaliyofuata ni mepesi. Injini iliwaka, Malaba ikaonekana, na Caren, aliyekuwa mlangoni akiwa amekwisha kujiandaa kwa hasira, alikosa pa kuiweka. Alimtazama kaka yake, akalitazama jua, akaingia ndani, akarudi na maji ya kunawa na taulo jipya. Macho yake yalikuwa yamelowa. Mukhwana akanawa, akafuta vumbi kwenye koti, akaketi katika kiti cha mjomba. Saa sita ikafika, wakwe hawapo. Mbuta wakaiva, wakwe hawapo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alionja utamu wa kungoja wengine.

Jua lilikuwa limeinama kidogo, ndipo gari jeupe la kukodi lilipoingia uani polepole, likiwa na alama ya mnyororo mbele na samadi kwenye gurudumu. Wakashuka wazee wenye tai, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho, Mzee Oyugi, mrefu, mkuu wa wakwe, alishuka kichwa wazi, risiti ya mkokoteni ikichungulia katika mfuko wa koti. Kwa Mama Alupo hakuwa na samaki wa kutoa, na kofia ile ya rangi ya kahawa ilikuwa nzuri kweli.

Macho yao yakakutana. Hakuna aliyemtaja ng'ombe. Mukhwana wa Bumala akainuka katika kiti chake, akalifunga koti kifungo, akatembea hatua zile ambazo maisha yake yote wengine ndio waliozitembea kumpokea yeye, akanyoosha mkono.

"Karibuni, wakwe," akasema. "Mmechelewa kidogo, lakini tulikuwa tunawangoja."

Basi iandikwe, na wanaoandika historia za vita na wafalme wapunguze kurasa zao ili ipate nafasi: Winny aliposwa siku hiyo mjomba wake akiwa wa kwanza kitini. Baada ya wiki, dirisha la Busia lilifunguliwa bila mheshimiwa, utepe ukakatwa kwa wembe wa kinyozi wa jirani. Na katika ubao wa Adungosi, chini ya maneno ya mkokoteni, mkono wa baraza uliongeza kwa chaki mstari mmoja, ambao Mukhwana kila apitapo hupunguza mwendo ili ausome: "Mkokoteni usiwe na usukani."