Kalisti na Baiskeli Isiyo na Shokapu

Mwanangu Kalisti alitangaza kwamba Bukombe nzima haina njia ya kumtikisa! Alitangaza kwa majirani, akatangaza sokoni Ushirombo, na walipochoka kumsikiliza akawatangazia kuku wangu.

Baiskeli yenyewe aliipata mjini Isaka, kwa dereva wa lori. Magurudumu yake makubwa, ukisimama kando yake unajiona mtoto. Shokapu za kupunguza mtikiso haina, mbele wala nyuma. Chuma kitupu!

"Mama, shokapu ni za watu laini," aliniambia. "Gurudumu kubwa likikutana na shimo, shimo ndilo linaomba radhi!"

Roho yangu ilikuwa juu tayari, maana Jumamosi hiyo tulikuwa tunapeleka posa kwa kina Loveness. Posa ya kwanza, kwingine, tuliambiwa kijana anaongea sana. Ya pili tuliambiwa hivyo hivyo, tena kwa ukali. Hii ya tatu ikiharibika, nimwoze kwa nani?

Kaka yangu Ndaki akaja na pikipiki.

"Panda, mjomba. Tutabanana."

"Mimi? Watu watatu mishikaki siku ya posa?" Kalisti akacheka. "Nakatiza mbugani. Mtanikuta nimeshakunywa maji kwa wakwe!"

Mbuga ile masika hupita ng'ombe, kwato zinazama kwenye tope. Kiangazi tope linakauka na kila alama ya kwato inabaki pale pale, ngumu kama saruji. Hata mbuzi huizunguka!

Mimi nilikuwa barabarani nyuma ya Ndaki, macho mbugani. Nikamwona Kalisti akiingia kifua mbele kama mkuu wa mkoa anayekagua gwaride. Mara kichwa kikaanza kuitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, wala hakuna aliyemwuliza kitu! Kofia ikaruka. Kiatu kikafuata. Matako yakawa yanapanda na kushuka kwenye siti kama mchi kwenye kinu.

Kisha yeye, anayeona haya kusema Kisukuma mbele za watu, akaniita mbuga nzima isikie: "Mayooo!"

"Anaimba," alisema Ndaki.

"Anaimba nini! Endesha!"

Tukamkuta mlangoni kwa wakwe, ameegemea ukuta, kiatu kimoja mguuni. Hakusema neno. Tukaingia.

"Karibuni mkae," alisema Mzee Ngassa, baba yake Loveness.

Tukakaa. Kalisti akasimama.

"Kaa, mwanangu."

"Nashukuru, mzee. Hivi hivi panatosha."

Wazee wakatazamana. "Kijana ana adabu huyu!" mmoja akanong'ona. "Hakai mbele ya wakwe. Tena haongei!"

Moyo wangu ukatulia. Haongei! Kumbe dawa ilikuwa mbugani miaka yote hii!

Ila pale kulikuwa na Rhoda, shangazi yake Loveness. Yeye ndiye huwakanda kwa maji ya moto wanawake wote wa kijiji wakishajifungua. Alikuwa anaitazama miguu ya mwanangu, ilivyoachana kama mkasi.

"Kaka, hii si adabu," akasema. "Miguu hii naijua. Huyu hawezi kukaa! Wekeni maji jikoni!"

"Shangazi, mimi ni mwanamume!"

"Matako yako hayajui hilo."

Mwanamke wa ukweni hamgusi mkwe, kwa hiyo kitambaa akapewa Ndaki, wakaenda nyuma ya nyumba. Loveness akapeleka beseni mpaka kwenye kona, kanga ameing'ata asicheke. Sisi sebuleni tulisikia tu.

"Taratibu, mjomba!"

"Tulia! Rhoda anasema yawe ya moto!"

"Mayooo!"

Mzee mmoja akatoka nje akacheke vizuri. Mimi nikabaki nimeinama, jasho linanitoka.

"Mzee Ngassa," nikasema kwa sauti ndogo, "sasa posa yetu?"

Akafuta machozi kwa kiganja.

"Posa tumeipokea, Mama Kalisti. Mahari tutazungumza siku bwana harusi atakapoweza kukaa."